Mwanga Unaofika Mbali Si Lazima Uwe Mwanga Unaotosha

Katika maduka ya Maganzo, Kahama, Katoro na Nyarugusu, mnunuzi wa tochi hupima kwa njia moja. Anaiwasha, anaielekeza kwenye mti au mnara wa simu ulio mbali, na akiona nuru imefika huko, anatoa pesa. Ni kipimo cha haraka, hakihitaji utaalamu, na tochi inayoshindwa hubaki kwenye rafu. Tatizo ni kwamba wengi wa wanunuzi hawa ni wachimbaji wadogo, na tochi hiyo itashuka nao kwenye duara, yaani shimo la mgodi, ambalo ukuta wake hauzidi urefu wa mkono kutoka usoni. Umbali walioupima dukani hawatautumia, na ule watakaoutumia hawakuupima. Hoja ya makala haya ni kwamba tochi ichaguliwe kwa umbali wa kazi yenyewe. Kwa anayefanya kazi chini ya ardhi, maana yake ni kwamba tochi ya kichwani iwe ya mwanga mpana, na ya mwanga wa mshale, yaani uliobanwa ufike mbali, iwe ya pili, ya kushika mkononi.

Tofauti ya hizi mbili haiko kwenye nguvu ya taa, iko kwenye kinachoizunguka. Taa ya LED ni punje ndogo inayotoa mwanga kuelekea mbele kwa upana. Ukiiweka ndani ya kikombe kirefu kinachong'aa, au nyuma ya lenzi inayoukusanya mwanga, unapata mshale. Ukiiacha wazi, au ukaifunika kwa kioo chenye ukungu, mwanga unatandaa. Tuchukue tochi mbili, kila moja ikitoa lumeni 200, yaani kiasi kilekile cha mwanga. Ya kwanza inautandaza kwa pembe ya nyuzi 90, ya pili inaubana ndani ya nyuzi 10. Ukutani, mita 1.5 mbele ya mtu, ile ya mwanga mpana inachora mviringo wa mita 3 wenye mwangaza wa karibu luksi 50 (luksi hupima mwanga unaoangukia mahali), kiasi cha kutosha kuona jembe, kamba na mahali pa kukanyaga. Ile ya mshale inachora doa la sentimita 26 lenye zaidi ya luksi 3,500, mara 7 ya mwangaza unaopendekezwa kwa meza ya ofisi, na pembeni ya doa kuna giza. Sasa zipeleke mita 40. Mwanga hupungua mara 4 kila umbali unapoongezeka mara 2, kwa hiyo ile pana inabaki na luksi 0.07, chini ya mwanga wa mbalamwezi, wakati ya mshale bado ina luksi 5. Kila moja ni bingwa nyumbani kwake na dhaifu nyumbani kwa mwenzake. Swali la kujiuliza basi ni nyumbani kwako ni wapi.

Kwa mchimbaji wa Rwamgasa, Mgusu au Mwakitolyo, jibu linaonekana ukitazama jinsi jicho linavyofanya kazi. Gizani mboni hupanuka mara moja, lakini chembe za jicho zinazoona kwenye mwanga hafifu huhitaji karibu nusu saa kuizoea hali hiyo kikamilifu. Doa kali lililo karibu na uso huibana mboni tena na kuliondolea jicho mazoea hayo. Matokeo yake ni kwamba mtu anaona sana mahali padogo, na haoni kabisa kilicho kando ya hapo. Lakini hatari za duarani ziko kando: gogo la matimba, yaani nguzo za kuuzuia mwamba, lililoanza kupinda, jiwe lililolegea juu ya bega, kamba iliyolala miguuni, mdomo wa shimo la pembeni. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ililifanyia jambo hili majaribio kwa taa za kofia za wachimbaji wa makaa ya mawe. Ilionekana kwamba taa za LED ziliwasaidia watu kugundua vitu vya kujikwaa sakafuni na mwendo wa kitu pembeni kwa haraka kuliko balbu za zamani. Watafiti walipobuni taa inayougawa mwanga wake kuelekea sakafuni na pembeni, faida iliongezeka. Mwanga uliomsaidia mchimbaji ulikuwa ule uliogawanywa vizuri.

Hili lisingewashangaza wachimbaji wa zamani. Kabla ya betri, taa ya mgodini ilikuwa moto: mshumaa, koroboi, au karabai, jina ambalo Kiswahili kimelihifadhi kutokana na kabidi, jiwe linalotoa gesi ya kuwaka likikutana na maji. Moto ulimulika pande nyingi kwa pamoja, ukuta, dari na sakafu, ingawa kwa uhafifu. Balbu na kikombe chake ndivyo vilivyokoleza mazoea ya kubana mwanga, kwa sababu balbu dhaifu ilihitaji kubanwa ili ifae. LED imeondoa udhaifu huo, lakini mazoea yamebaki. Kuna jambo jingine lililoondoka pamoja na moto, nalo halihusu umbo la mwanga bali uhai. Mwali ulififia hewa safi ilipopungua, na mchimbaji akajua ni wakati wa kutoka. LED huwaka vilevile hata pasipo na hewa ya kumtosha mtu, na moshi wa pampu ya mafuta iliyowashwa ndani ya duara haupunguzi nuru yake hata kidogo. Awe na tochi ya aina gani, mchimbaji asiichukulie nuru yake kuwa ushahidi wa hewa salama.

Yapo mapingamizi ya haki dhidi ya hoja hii. La kwanza ni kwamba maduara ni marefu kwenda chini, na anayesimama mdomoni lazima aone kinachoendelea ndani kabla mtu hajashuka au ndoo haijavutwa kwa winchi. Ni kweli kabisa, na hapo mwanga mpana haufai. Lakini anayefanya kazi hiyo ni mtu mmoja, amesimama juu, na tochi moja nzuri ya mshale inalitosha duara zima. Haimlazimu kila anayeshuka kubeba kichwani chombo cha mtu wa juu. Tena mshale uliofungwa kichwani una madhara kwa wenzako: kila unapogeuka kumsikiliza mtu, unampiga machoni, na katika njia nyembamba yenye magogo na mashimo, sekunde chache za upofu zinatosha kuleta ajali.

La pili linatoka kwa wanaosoma mwamba. Wanasema kwamba kuona mshipa wa dhahabu, au ufa unaotangulia kuporomoka, kunahitaji mwanga mkali. Ukali unasaidia, lakini pembe inasaidia zaidi. Tochi ya kichwani iko karibu sawa na macho, kwa hiyo kivuli cha kila mwinuko kinajificha nyuma ya mwinuko wenyewe, na ukuta wenye nyufa unaonekana laini kama uliopigwa plasta. Chukua tochi ya mkononi, iweke pembeni karibu kugusa ukuta, na uache mwanga wake uambae juu ya jiwe. Ghafla kila ufa una mstari mweusi, na kila jiwe lililotangulia mbele ya wenzake linatupa kivuli. Hii ndiyo kazi bora ya mshale duarani, na inafanyika tu kama tochi hiyo iko mkononi. Vumbi nalo linafundisha somo hilohilo. Baada ya baruti au nyundo, mwanga mpana wa kichwani hurudishwa machoni na chembe za vumbi, sawa na taa za gari kwenye ukungu. Dawa yake ni kushusha chanzo cha mwanga hadi usawa wa kiuno, mbali na macho, au kusubiri vumbi litue, jambo ambalo mapafu pia yanalihitaji.

Pingamizi la tatu ni la mfuko: mwanga mpana, watu husema, unamaliza betri bure kwa kumulika kuta zisizo na kitu. Hesabu inasema kinyume. Betri halisi yenye uwezo wa mAh 3,000 hubeba karibu wati-saa 11. LED nzuri ikitumia wati 2 kutoa lumeni 200, betri hiyo itadumu takriban saa 5. Ishushe hadi lumeni 20 na utapata zaidi ya siku 2. Lumeni 20 zikitandazwa kwa nyuzi 90 bado zinaupa ukuta ulio mita 1.5 karibu luksi 5, takriban mara 20 ya mbalamwezi, na jicho lililozoea giza linaziona vizuri. Mshale haukupi nafasi hiyo, kwa sababu ukiupunguza doa linabaki dogo vilevile. Mkoa wa Shinyanga una sababu ya kulifikiria hili kwa uzito. Oktoba 2015 duara liliporomoka kwenye machimbo ya Nyangalata, na watu watano waliokolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Hakuna betri ya tochi inayodumu siku 41 ikiwaka kwa mwanga wa kufanyia kazi. Hata hivyo, kati ya nuru ya saa 5 na ya siku 2, hakuna aliyekwama ambaye angesita kuchagua.

Wengine huepuka uchaguzi wote kwa kununua tochi ya kuvuta, ile ambayo kichwa chake husogea mbele na nyuma ili mwanga ubanwe au utandae. Wazo ni zuri, lakini lina gharama. Kichwa kinapovutwa mbele, sehemu kubwa ya mwanga hugonga kuta za ndani za tochi na kupotea. Kinachotoka ni picha ya punje yenyewe ya LED, pande nne zenye kingo kali, ambayo mtu yeyote anaweza kuiona kwenye ukuta mweupe. Na sehemu inayosogea huingiza vumbi na maji. Tochi hiyo inafaa zaidi ikiwa imefungwa, yaani ikitumika kwa mwanga mpana. Kwa mwenye tochi ya mshale ambaye hana uwezo wa kununua nyingine, kipande cha plastiki cha dumu lenye rangi ya maziwa kikiwekwa mbele ya kioo hugeuza mshale kuwa mwanga mpana. Sehemu ya nuru itapotea, na kwenye tochi yenye joto kali plastiki isigusane na kioo, lakini kwa kazi ya urefu wa mkono kinachobaki kinatosha. Kugeuza mwanga mpana kuwa mshale kwa njia rahisi kama hiyo hakuwezekani.

Mshale una mahali pake, na mgodi wa almasi wa Mwadui ni mfano mzuri. Mwamba wa almasi aliougundua John Williamson mwaka 1940 una ukubwa wa karibu hekta 146, na umechimbwa kwa shimo la wazi ambalo jua hulifikia. Mlinzi anayezunguka eneo la namna hiyo usiku anahitaji kujua kilicho mita 100 mbele yake ni mbuzi au mtu, na tochi ya mwanga mpana haitamwambia. Ndivyo ilivyo kwa sungusungu, walinzi wa vijiji walioanza huku Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanapofuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Lakini hata hao wajue kwamba umbali unaoandikwa kwenye boksi kwa kipimo cha Marekani cha FL1 huishia pale mwanga unapobaki luksi 0.25, sawa na mbalamwezi. Tochi ya mita 200 haikuonyeshi uso wa mtu aliye mita 200. Na njiani kurudi nyumbani hatari inarudi miguuni: kifutu hulala kimya katikati ya njia, rangi yake ikifanana na udongo, na anayemulika mbali atamkanyaga.

Lebo nazo zisiwe mwongozo pekee wa mnunuzi. Mwaka 2010 watafiti wa mradi wa Lumina, ulio chini ya maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani, waliripoti kwamba wengi mno wa watumiaji wa tochi za LED waliowahoji nchini Kenya walikuwa wamepata hitilafu ndani ya miezi 6. Betri ya ukubwa wa 18650 yenye mAh 9,900 za kweli haipo duniani, hata kama lebo imeandikwa hivyo, kwani hata zilizo bora hazifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo jicho la mnunuzi ndilo kipimo cha mwisho, ila litumike mahali panapofaa. Aingie kona yenye giza ya duka, aiweke tochi kwenye paji la uso, asimame hatua moja kutoka ukutani, na atazame mbele bila kugeuza shingo. Kama anaona ukuta mzima, pande zote mbili na ncha za viatu vyake kwa pamoja, amepata tochi ya kazi. Mti ulio ng'ambo ya barabara autafutie tochi nyingine, itakayokaa mdomoni mwa duara na mtu wa winchi.