Mita ya Umeme na Haki ya Mwananchi

Hapana mtu mwenye akili timamu atakayeukataa umeme. Katika vijiji vya Shinyanga na Geita taa imewaongezea watoto wetu saa za kusoma, na makarasha ya wachimbaji wadogo yaweza kusaga mawe ya dhahabu bila dizeli. Ada ya shilingi 27,000 ya kuunganishiwa umeme vijijini ni jambo la kusifiwa. Lakini kila chombo kiingiacho nyumbani mwa mtu yafaa kiulizwe: kazi yake ni nini, na ni nani aliyekipa kazi hiyo?

Tulipoletewa mita za LUKU katika miaka ya 1990, kazi yake ilikuwa moja, nayo ilielezwa na jina lenyewe: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mwezi wa Agosti 2021 mita hizo zilipewa kazi ya pili, yaani kutoza kodi ya majengo. Nyumba ya kawaida ilitozwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 shilingi 1,500. Sheria ilipitishwa na Bunge, wala hatusemi kodi isilipwe. Lakini kodi hiyo ni deni la mwenye nyumba, na mita humkata anunuaye umeme. Kahama na mjini Geita, ambako watu wengi waliofuata riziki ya dhahabu wamepanga vyumba, mnunuzi mara nyingi ni mpangaji. Huambiwa akadai kwa mwenye nyumba. Je, mpangaji wa chumba kimoja ana nguvu gani ya kudai?

Sasa zaja mita janja, ambazo TANESCO imekwisha kuanza kuzifunga. Hizi hupeleka habari ofisini zenyewe, na mteja hana haja ya kubonyeza tarakimu 20. Faida zake ni kubwa: hitilafu huonekana upesi, na wezi wa umeme hugunduliwa. Hata hivyo, chombo kijuacho saa unapowasha taa chaweza kujua pia saa unapolala na siku usiyokuwapo. Kwa mwenye karasha, chaweza kueleza ni usiku gani amesaga mawe na kwa muda gani, hata mtu akakisia dhahabu yake kabla haijafika sokoni. Tena umeme waweza kukatwa kutoka mbali, bila mtu kupiga hodi.

Uholanzi si nchi inayochukia maendeleo. Lakini mwaka 2009 Seneti yake ilikataa kumlazimisha kila mtu kufungiwa mita ya namna hii, kwa ajili ya kulinda siri za nyumbani. Baadaye mita zilifungwa, na mwananchi akaachiwa haki ya kukataa.

Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume ya kuisimamia ipo. Basi mwananchi aelezwe kwa Kiswahili chepesi mita yake yaandika nini, habari hizo zawekwa muda gani, na nani aruhusiwa kuzisoma. Mita isiongezewe kazi mpya kabla mikutano ya vijiji na mitaa haijaulizwa. Wala mtu asizimiwe taa kwa deni lisilo lake.

TANESCO ni shirika la umma. Wabunge wa Shinyanga na Geita na walisemee jambo hili Bungeni sasa, kabla mita hizi hazijaenea katika kila nyumba.