Kugandisha Mayai ya Uzazi: Piga Hesabu Yote Kabla Hujatoa Pesa

Bei iliyo kwenye tangazo la kugandisha mayai si bei utakayolipa. Ukiwa Migori, Rongo, Oyugis au Mbita, na pesa zako ni za kuhesabu, amua kwa kutazama jumla: kuyatoa, kuyahifadhi, na kuyatumia siku ukitaka mtoto.

Kazi yenyewe iko hivi. Unachomwa sindano za homoni kila siku kwa siku 10 hadi 14 ili ovari zikomaze mayai mengi kwa pamoja, huku ukipigwa ultrasaundi kila baada ya siku chache. Kisha unapewa dawa ya usingizi, mayai yanavutwa kwa sindano ndefu na kuhifadhiwa ndani ya naitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sufuri. Mtungi wake ni ndugu ya ule anaobeba mtaalamu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija: naitrojeni ikiisha bila kuongezwa, kilichomo kimeharibika.

Pesa zinakoenda

Hapa Kenya huduma hii ni ya kliniki za binafsi, nyingi zikiwa Nairobi, na inagharimu laki kadhaa. SHA, bima ya afya ya serikali, haina kifurushi chake. Ukiwa na bima ya kazini, pata jibu lao kwa maandishi kabla ya kuitegemea.

Uingereza, mamlaka inayosimamia kliniki hizi huchapisha wastani wa bei. Kutoa na kugandisha ni pauni 3,350. Dawa ni pauni 500 hadi 1,500. Kuhifadhi ni pauni 125 hadi 350 kila mwaka. Kuyeyusha na kupandikiza ni pauni 2,500. Jumla hufika pauni 7,000 hadi 8,000, kwa hiyo bei ya kwanza haifikii hata nusu ya gharama yote. Bei za Nairobi ni tofauti, lakini vipande vya gharama ni vilevile.

Malipo yanayojificha

Dawa. Mara nyingi hazimo kwenye bei ya tangazo. Ovari zikijibu polepole, daktari anaongeza dozi na bili inapanda ukiwa katikati ya safari.

Hifadhi. Tuseme unatozwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Ukiyafuata baada ya miaka 8, umelipa 240,000 kwa kutunziwa tu.

Safari. Huwezi kwenda na basi la usiku na kurudi kesho yake. Weka hesabu ya malazi ya takriban wiki mbili, siku za kazi utakazopoteza, na nauli ya mtu wa kukusindikiza siku ya usingizi. Uliza kama ultrasaundi za katikati zinaweza kupigwa Kisii au Kisumu na majibu yatumwe kwa simu. Baadhi ya sindano zinataka friji, nayo stima ya kwetu unaijua.

Matumizi. Yai lililogandishwa halirudishwi tumboni hivyo hivyo. Linayeyushwa, linarutubishwa maabara, kisha kiinitete kinapandikizwa. Hiyo ni bili nyingine kubwa.

Unanunua nini hasa?

Unanunua nafasi tu, mtoto hajaahidiwa. Kliniki moja ya chuo kikuu cha New York ilichapisha mwaka 2022 matokeo ya miaka 15. Kati ya wanawake waliorudi kutumia mayai yao, asilimia 39 walipata angalau mtoto mmoja. Waliogandisha kabla ya miaka 38 na kuyeyusha mayai 20 au zaidi walifika asilimia 70. Kwa hiyo umri na idadi ndivyo vinavyoamua, na mayai 20 huenda yakadai mizunguko miwili, yaani gharama ya kuyatoa mara mbili.

Jihadhari pia na kipimo cha damu cha AMH kinachouzwa kwa kutisha watu. Kinasaidia kukadiria mayai mangapi yatatoka baada ya sindano. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake wa miaka 30 hadi 44 wenye AMH ya chini walishika mimba kwa kawaida sawa na wenzao. Usikope kwa sababu ya karatasi hiyo peke yake.

Linganisha

Mayai: ghali, lakini ni yako peke yako.

Viinitete: unajua mapema vingapi vimetunga, ila vina wenyewe wawili. Mkiachana, sahihi ya mwenzako bado inahitajika.

Mbegu za kiume: rahisi kuliko vyote, hazina sindano wala usingizi. Mume anayesubiri matibabu ya saratani aanzie hapa.

Kulinda ulicho nacho: hii ndiyo bei nafuu kabisa. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa huziba mirija, na dawa zake ni pesa kidogo. Pimwa wewe na mwenzako. Pigwa ultrasaundi kama hedhi ni nzito au ina maumivu makali. Pimeni selimundu pia, maana ukanda huu wa ziwa unayo sana na kugandisha hakuiondoi. Sindano ya kupanga uzazi inaweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa, lakini haiui uzazi. Usigandishe kwa hofu hiyo.

Kabla ya kutia sahihi

Mwezi Machi 2018 mtungi wa hospitali moja karibu na Cleveland, Marekani, uliharibika, na mayai na viinitete zaidi ya 4,000 vikapotea. Uliza nani huongeza naitrojeni, kengele ikilia usiku nani huja, na ukipata hasara unalipwa nini.

Uliza pia: nikichelewa kulipa hifadhi, mayai yanatupwa lini? Kliniki ikifungwa, nani analipia kuyahamisha? Kama unaishi na VVU, je, mna mtungi wa kando, na kuna ada ya ziada? Swali hili lina uzito kwetu: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 Homa Bay na 13 Migori.

Millie Odhiambo, mbunge wa Suba North hapo hapo Homa Bay, amesukuma mswada wa uzazi wa kusaidiwa tangu 2014. Usingoje bunge. Kinga yako ya leo ni mkataba; usome wote na uondoke na nakala.

Uamuzi

Kama unaanza matibabu ya saratani au upasuaji wa ovari, usingoje: mwambie daktari leo, kabla ya dawa ya kwanza, kwamba unataka kuhifadhi uzazi. Hapo kugandisha kuna thamani hata kwa kuchangiwa.

Kama una miaka 30 hadi 37, una akiba, na unaweza kulipia hata siku ya kuyatumia, ni ununuzi wa busara. Omba bei iliyoandikwa kutoka kliniki mbili, kila kipande kivyake.

Kama pesa zinatosha kuyatoa tu, acha kwanza. Usivunje akiba ya chama wala kuchukua mkopo wa simu. Pimwa, jitibu, weka akiba. Na kama mwenzako yupo na nyote mnataka mtoto, kujaribu sasa hakulipishwi na kliniki yoyote.