Chupa Tatu kwa Siku

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2014, wakazi wa mji wa Toledo, jimbo la Ohio nchini Marekani, walitangaziwa wasinywe maji ya bomba. Kwa msomaji wa Kisumu au Mwanza hilo si geni. Jibu letu ni sufuria na moto. Lakini tangazo la Toledo liliongeza neno: msiyachemshe, mtayazidisha ubaya. Watu karibu nusu milioni wakaanza kuhangaikia maji ya chupa, rafu za maduka zikabaki tupu, wanajeshi wa akiba wakaja na magari ya maji, na marufuku haikuondolewa hadi Jumatatu.

Kilichoingia bombani ni mikrosistini, sumu inayoshambulia ini. Hutengenezwa na Microcystis, kiumbe ambaye watu humwita mwani ingawa kwa nasaba ni bakteria. Ndani ya seli zake mna vijipovu vya gesi vinavyomwezesha kuelea juu kulipo na jua, akatandaza utando mzito wa kijani na kuwanyima mwanga walio chini yake. Moto unamuua, ila sumu yake haivunjiki kwa joto la sufuria. Seli hupasuka zikaimwaga yote, maji yakapungua kwa mvuke, na kinachobaki ni kikali kuliko kilichotiwa.

Ziwa Erie huwanywesha watu wapatao milioni 11. Upande wake wa magharibi, ambako Toledo huvuta maji yake, kina cha wastani ni mita 7 hivi tu, kwa hiyo maji hupata joto upesi wakati wa kiangazi. Humo humo ndimo unamomwagikia mto Maumee, baada ya kupita katikati ya mashamba ya mahindi na soya. Mashamba hayo hutiwa mbolea, na mbolea ina fosforasi, ambayo Microcystis huipenda kama mahindi yenyewe yanavyoipenda.

Hadi hapa ni habari rahisi ya uchafuzi. Ugumu unaanzia kwenye historia. Miaka ya 1960 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba Ziwa Erie limekufa. Mwaka 1972 Marekani na Kanada zikatia saini mkataba, fosforasi ikapunguzwa kwenye sabuni za kufulia, mitambo ya majitaka ikaboreshwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziwa likawa limepata nafuu kiasi cha kuwapa wanasiasa jambo la kujisifia. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 1990, ukijani ukarudi. Jumla ya fosforasi iliyoingia ziwani haikuwa imepanda kiasi cha kueleza balaa lile. Sasa mwani ulikuwa unakula nini?

Jibu lilipatikana kwenye chuo kidogo ambacho wengi hawajakisikia: Heidelberg University, katika mji wa Tiffin, Ohio. Tangu katikati ya miaka ya 1970 watafiti wa chuo hicho wamekuwa na mashine kando ya Maumee, mahali paitwapo Waterville, inayovuta maji ya mto na kujaza chupa tatu kwa siku, mto ukiwa umefurika au umekauka. Siku za kawaida hupimwa chupa moja. Mvua kubwa ikinyesha hupimwa zote tatu. Ni kazi isiyo na utukufu. Mwaka wa kwanza haisemi chochote, na mwaka wa tano inasema tu kwamba mvua ilikuwa nyingi au haba. Mtafiti kijana anayetaka kupanda cheo hawezi kuitegemea, na waziri anayetaka kukata utepe hana utepe wa kukata.

Baada ya miaka 20 na zaidi, namba zilianza kusema. Fosforasi ya mtoni ni ya aina mbili: iliyoshikamana na chembe za udongo, na iliyoyeyuka. Ya kwanza ilikuwa ikishuka, kwa sababu wakulima walihimizwa kwa miaka mingi wapande bila kutifua ardhi, ili mvua isichukue udongo. Ya pili ilikuwa ikipanda. Mbolea inayotawanywa juu ya ardhi isiyotifuliwa hubaki hapo juu. Mvua huiyeyusha, na mabomba yenye matundu, yaliyofukiwa chini ya mashamba ili kukausha unyevu, huipeleka moja kwa moja mtoni. Fosforasi ya kwenye udongo, sehemu yake kubwa huzama, lakini iliyoyeyuka mwani huifyonza papo hapo. Wanasayansi bado wanabishana ni sababu ipi imechangia kiasi gani, kwa kuwa mvua za machipuko nazo zimekuwa kali zaidi. Hata hivyo sura ya jambo iko wazi: ushauri mwema wa kuokoa udongo, uliofuatwa sawasawa na uliofanya kazi yake, ulisaidia kulifungulia mlango tatizo jingine. Aliyepima jumla peke yake asingeliona. Wala asingeliona aliyepima kwa miaka mitatu ya mradi kisha akafunga maabara.

Nani alilipia chupa hizo? Fedha za jimbo, fedha za serikali kuu, wafadhili binafsi, na hata sekta ya mbolea yenyewe. Wapo wanaokunja uso wakisikia hilo la mwisho, na nadhani wana haki ya kukunja uso. Ila data iko wazi kwa kila mtu, na haikuwapendelea wenye mbolea.

Kupima ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfikishia habari mvuvi na mkulima, na hapa Marekani ina chombo kinachostahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Lincoln alitia saini sheria iliyoyapa majimbo ardhi ya serikali ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Vyuo hivyo ndivyo vilivyozaa utaratibu wa mabwana shamba wa chuo kikuu wanaokwenda kwa mkulima. Miaka 101 baadaye, katika mkutano wa wanasayansi wa uvuvi mjini Minneapolis, mwanasayansi Athelstan Spilhaus aliuliza kwa nini bahari isipate kitu kama hicho. Spilhaus, mzaliwa wa Cape Town, alibuni kifaa cha kupimia joto la bahari kwa kina na pia aliandika katuni za sayansi za magazetini, kwa hiyo kusikilizwa na watu wa kawaida hakukumsumbua. Seneta Claiborne Pell wa Rhode Island akalibeba wazo, na Oktoba 1966 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya mpango uitwao Sea Grant.

Leo kuna mipango 34 ya Sea Grant ndani ya vyuo vikuu, kuanzia Maine hadi Guam, ikiwamo ya majimbo kama Minnesota na Wisconsin ambayo hayana pwani ya bahari ila yana maziwa makuu. Bajeti yote ya serikali kuu kwa mipango hiyo ni takriban dola milioni 80 kwa mwaka, fedha inayokaribia bei ya ndege moja ya kivita ya F-35. Sharti lake ndilo linalonivutia: kwa kila dola mbili za serikali kuu, lazima ipatikane dola moja kutoka kwingine, yaani jimbo, chuo au wadau wenyewe. Asiyechangia hapati. Kwa hiyo mpango hauwezi kuishi kwa kuandikia ripoti Washington pekee. Lazima kuwe na mtu wa karibu anayeona faida yake hadi atoe mfukoni.

Ohio inaonyesha jinsi hilo linavyofanya kazi. Ohio State University ina kituo cha utafiti, Stone Laboratory, kilichoanzishwa mwaka 1895 na ambacho sasa kiko kwenye kisiwa kidogo cha Gibraltar ndani ya Erie, na Sea Grant ya jimbo hufanya kazi bega kwa bega nacho. Manahodha wanaopeleka wateja kuvua hujaza chupa za maji wakiwa huko ziwani na kuzileta maabara. Riziki yao inategemea ziwa, na mtafiti haingii gharama ya mafuta ya boti. Nazo namba za Maumee za masika, kuanzia Machi, huingizwa kwenye hesabu za idara ya bahari na hewa ya Marekani, NOAA, ambayo tangu 2012 hutangaza mwanzoni mwa kiangazi ukubwa wa utando unaotarajiwa. Kipimo chake kilipangwa kiishie 10. Mwaka 2015 utando ulifika 10.5.

Usidhani ziwa limepona. Mwaka 2015 Ohio, Michigan na jimbo la Ontario la Kanada waliahidiana kupunguza kwa asilimia 40 fosforasi inayoingia upande wa magharibi ifikapo 2025, na lengo hilo halikufikiwa. Sayansi ilisema wazi ni wapi fosforasi inatoka. Kumwambia mkulima wa mahindi abadilishe desturi yake ni siasa, tena siasa ngumu.

Fedha zenyewe pia haziko salama. Serikali ya Reagan ilijaribu kuifuta bajeti ya Sea Grant miaka ya 1980, na Bunge likairudisha. Mwaka 2017 serikali ya Trump ikapendekeza ifutwe tena. Bunge likakataa tena. Mwishoni mwa Februari 2025 mpango wa Maine uliandikiwa barua ya kusitishiwa ruzuku, hadi seneta wa jimbo hilo alipoingilia kati na mazungumzo yakafunguliwa upya. Kinachouokoa kila mara ni yule mchangiaji wa dola ya tatu. Wavuvi wa kamba wa Maine wana mbunge, na mbunge wao ana simu.

Ziwa Victoria linajua vizuri kinachotokea kamba ya fedha inapokatika. Kulikuwa na shirika moja la utafiti wa uvuvi wa maji baridi la Afrika Mashariki nzima, makao yake Jinja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nalo likavunjika. Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mwaka 1979, Tanzania ikaunda yake ya uvuvi, TAFIRI, mwaka 1980, na katika miaka hiyo hiyo sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, alikuwa anajiandaa kulimeza ziwa. Kwa bahati tu, mwaka huo wa 1977 wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza kuchunguza furu katika ghuba ya Mwanza, kwa fedha za umma za Uholanzi. Walikuja kuwahesabu furu, wakajikuta wanaandika orodha ya waliotoweka: spishi takriban 200, kwa makadirio yao. Kama si wao, tungekuwa na hadithi za wazee tu kuhusu samaki waliokuwapo. Ni jambo la kushukuru, na pia la kuudhi kidogo, kwamba kumbukumbu ya furu wetu iliandikwa kwa guilda.

Hali hiyo haijaisha. Ghuba ya Winam, inayowapa maji wakazi wengi wa Kisumu, ina kina cha wastani cha mita 6 hivi na hutanda ukijani kama Erie. Miaka ya karibuni watafiti wa Bowling Green State University, chuo kilicho jirani na Toledo, na wa University of Michigan, wameichunguza pamoja na wenzao wa Kenya, sehemu kubwa kwa fedha za umma za Marekani. Waligundua kwamba sehemu nyingi za ghuba hutawaliwa na bakteria wa jamii ya Dolichospermum, na kwamba Microcystis hustawi zaidi kwenye midomo ya mito yenye maji ya tope. Hiyo ni picha ya misimu michache. Mto Nyando, unaoingia ghubani humo, unastahili mashine kama ile ya Waterville, na mtu wa kuihudumia kwa miaka 30.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, na Umoja wa Afrika unataka angalau asilimia 1. Nchi za kanda yetu bado ziko chini ya hapo. Singengoja asilimia hizo zifike. Tanzania tayari hutoza mrabaha kwa minofu ya sangara inayosafirishwa nje; senti chache za kila kilo zikifungwa kisheria kwa ajili ya vipimo vya ziwa, vikifanywa na vyuo vikuu pamoja na TAFIRI, zinatosha kulipia chupa nyingi. Hazina haipendi fedha iliyofungwa, na ina sababu zake: kila wizara ingetaka kapu lake. Basi liwekwe sharti la Marekani. Mrabaha utoe theluthi moja, Hazina itoe mbili, na wenye viwanda vya minofu wakae kwenye meza inayosoma matokeo kila mwaka, wayalalamikie wakitaka.