Kuorodhesha Vitabu vya Kielektroniki

Igowole imo katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa. Wilaya hiyo inajulikana kwa mashamba yake ya chai. Tuseme mwanafunzi wa Igowole anataka kitabu kinachoeleza ukuzaji wa chai. Maktaba ina maelfu ya vitabu. Je, atakipataje bila kuvifungua vyote?

Atakipata kwa kutumia katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Kazi ya kuandika habari za kila kitabu katika orodha hiyo huitwa kuorodhesha. Zamani habari hizo ziliandikwa kwenye kadi ndogo zilizopangwa katika droo. Siku hizi maktaba nyingi huzihifadhi katika kompyuta.

Kila kitabu hupewa pia namba ya somo. Mwaka 1876 Mmarekani aitwaye Melvil Dewey alitoa mpango wa kugawa maarifa katika mafungu kumi. Fungu la 500 ni la sayansi. Kilimo kina namba 630, chai 633.72 na kahawa 633.73. Kwa sababu hiyo vitabu vya chai na vya kahawa hukaa karibu karibu rafuni.

Kitabu cha kielektroniki hakina karatasi wala jalada la kushika. Ni faili lililohifadhiwa katika kompyuta. Kitabu cha karatasi kisichoorodheshwa huweza kuonekana kwa bahati, msomaji apitapo mbele ya rafu. Faili halionekani hivyo. Lisipoorodheshwa, kitabu kipo, lakini kwa msomaji ni kama hakipo.

Mkutubi anapoorodhesha kitabu cha kielektroniki huandika mambo haya:

1. Jina la kitabu.
2. Jina la mwandishi.
3. Mchapishaji na mwaka wa kuchapishwa.
4. Somo la kitabu na namba yake.
5. Aina ya faili, kama vile PDF au EPUB.
6. Anwani ya mahali faili lilipohifadhiwa.
7. Watu wanaoruhusiwa kukisoma.

Mambo manne ya kwanza huandikwa hata kwa kitabu cha karatasi. Matatu ya mwisho ni ya lazima kwa kitabu cha kielektroniki. Anwani hushika nafasi ya rafu. Faili likihamishwa na anwani isibadilishwe katika katalogi, msomaji hatakifikia kitabu.

Kazi hii yataka uangalifu mkubwa. Kompyuta hulinganisha herufi. Haijui mkutubi alikusudia nini. Akiandika "chia" badala ya "chai", huenda anayetafuta "chai" asikione kitabu hicho. Vivyo hivyo, kitabu kimoja kikiandikwa chini ya "Shaaban Robert" na kingine chini ya "Robert, Shaaban", kazi za mwandishi mmoja zitatawanyika. Ndiyo maana wakutubi hukubaliana kutumia namna moja tu ya kuandika kila jina.

Taasisi ya Elimu Tanzania inayo Maktaba Mtandao, ambamo vitabu vya shule husomwa kwa kompyuta au simu. Humo mwanafunzi wa Igowole na wa Dar es Salaam waweza kusoma kitabu kile kile kwa wakati mmoja. Lakini kila mmoja wao hana budi kukipata kwanza. Orodha iliyoandikwa kwa usahihi ndiyo imwongozayo.

Zoezi

Chukueni vitabu kumi vya darasani. Kwa kila kitabu, andikeni katika kipande cha karatasi jina lake, mwandishi, mwaka na somo. Pangeni vipande hivyo kwa kufuata alfabeti ya majina ya waandishi. Kisha mwanafunzi mmoja ataje somo, na wengine wavitafute vitabu vyake.

1. Je, ilikuwa rahisi kutafuta somo katika karatasi zilizopangwa kwa majina ya waandishi?
2. Kwa nini kitabu cha kielektroniki huhitaji anwani?
3. Taja kosa moja la mkutubi liwezalo kumfanya msomaji akose kitabu.