Kioo cha Kompyuta Kikisimama Wima, Shingo Isiumie

Mtu anayesoma au kuchapa maandishi kwenye kompyuta kutwa nzima hupata taabu moja ambayo wengi wameizoea. Kioo ni kipana, lakini ukurasa ni mrefu. Anaona nusu ya ukurasa tu, anashuka chini, anarudi juu, na kila mara anasogeza kichwa mbele kama mtu anayechungulia dirishani. Jioni shingo imekakamaa na macho yanawasha. Wengine wamepata dawa yake: wanakigeuza kioo kisimame wima, kama karatasi inavyosimama mkononi. Dawa hii ni nzuri. Lakini ikitumiwa ovyo huleta maumivu mengine mahali palepale, na ndiyo maana inatufaa kuizungumzia katika ukurasa wa afya.

Wazo lenyewe si geni. Kompyuta iitwayo Xerox Alto, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1973, ilikuwa na kioo cha wima tangu mwanzo, kwa umbo la karatasi ya barua. Vioo vipana tulivyo navyo leo vimefuata umbo la televisheni, navyo vinafaa zaidi kwa filamu kuliko kwa maandishi. Kwa hiyo anayetumia kompyuta kutazama picha hana sababu ya kujisumbua na mambo haya.

Tuchukue kioo cha inchi 24, ambacho ni cha kawaida maofisini. Kikilala kina upana wa sentimita 53 hivi na kimo cha sentimita 30. Karatasi ya A4 nayo ina kimo cha karibu sentimita 30; ukitoa nafasi inayochukuliwa na menyu, ukurasa mzima haukai kwa ukubwa wake wa kweli. Kikisimama, unaona ukurasa wote na zaidi ya nusu ya ule unaofuata.

Sasa angalia upande wa pili. Kioo hicho kina kimo cha sentimita 53, na kama mguu wake unakiinua sentimita 15 kutoka mezani, ukingo wa juu unafika karibu sentimita 70. Chukua rula ujipime ukiwa umeketi: macho ya watu wengi yapo sentimita 45 hivi juu ya meza, wengine zaidi kidogo. Maana yake, kusoma mistari ya juu huna budi kuinua kidevu. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano. Shingo hukibeba bila shida kikiwa kimekaa sawasawa juu ya mabega, lakini kikielemea nyuma kwa saa nyingi, viungo vya nyuma ya shingo hubanwa na misuli huchoka. Macho nayo huteseka. Tukitazama kompyuta huwa tunapepesa kope mara chache kuliko kawaida; na tukitazama juu kope hufunguka zaidi, hivyo machozi yanayolainisha jicho hukauka upesi.

Idara ya usalama kazini ya Serikali ya Marekani, OSHA, inashauri ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini yake kidogo, na umbali kutoka machoni uwe kati ya sentimita 50 na 100. Kwa kioo cha wima, hii ina maana kishushwe mpaka ukingo wa chini ukaribie kugusa meza, kisha kiegemezwe nyuma kidogo. Ukiona bado kiko juu, inua kiti chako na uweke kibao cha kukanyagia ili miguu isining'inie. Maandishi unayoyafanyia kazi yaweke katikati na chini ya kioo. Sehemu ya juu waachie vitu unavyovitupia macho mara moja moja tu.

Kabla ya kugeuza, hakikisha kwamba mguu wa kioo chako unaruhusu. Kipandishe mpaka mwisho, legeza nyaya, halafu kizungushe taratibu ili pembe isigonge meza. Kama mguu hauzunguki, tazama mgongoni mwa kioo: vingi vina matundu manne ya skrubu, yaliyoachana milimita 75 au 100, na hapo hufungwa mkono wa chuma unaozunguka. Usikisimamishe kwa kukiegemeza ukutani au kwenye rundo la vitabu. Nyumba yenye watoto haina nafasi ya mchezo huo.

Jaribu pia jambo hili: kioo kikiwa bado kimelala, kitazame kutoka juu, halafu kutoka chini. Rangi zikibadilika sana na kuwa kama za picha iliyoharibika, kioo hicho ni cha aina iitwayo TN. Kikisimamishwa wima, jicho la kushoto na la kulia huona mwanga usiolingana, na kichwa huuma bila mtu kujua sababu. Cha namna hiyo ni bora kukiacha kilale. Aina ya IPS haina kasoro hiyo.

Kukizungusha kioo peke yake hakutoshi, maana maandishi yatalala ubavu mpaka kompyuta yenyewe iambiwe. Hapa tunawasemea wanaotumia Linux, mfumo wa chanzo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Ubuntu, ambayo ni mojawapo ya aina zake na inayotolewa bure tangu 2004, ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni la Kibantu, lenye maana ya utu. Fungua Settings, ingia Displays, na kwenye Orientation chagua Portrait Right au Portrait Left. Maandishi yakitokea miguu juu, chagua ile nyingine. Kompyuta itakuuliza kama unakubali; ukichelewa kujibu inarudi ilivyokuwa, kwa hiyo usiogope kujaribu.

Katika Linux za zamani, zinazotumia X11, unaweza kuandika amri xrandr peke yake ili kuona jina la kioo chako, kisha kwa mfano xrandr --output HDMI-1 --rotate left. Amri hii husahaulika kompyuta ikizimwa. Katika Linux mpya zinazotumia Wayland haifanyi kazi hiyo, basi tumia Settings.

Huenda ukakuta ukurasa wa kuandikia neno la siri bado umelala ubavu, na kila asubuhi unainamisha kichwa begani kama kuku anayetafuta mtama. Ukurasa ule una mipango yake yenyewe. Mwombe fundi anakili faili lako la monitors.xml na kuliweka mahali ambapo ukurasa huo hulisoma. Ni kazi ya dakika chache.

Limebaki la herufi. Kila nukta ya kioo imegawanyika katika mistari ya rangi nyekundu, kijani na bluu, na kompyuta nyingine huitumia mistari hiyo kulainisha kingo za herufi. Kioo kikigeuzwa mistari nayo hulala, na herufi huota ukungu wa rangi pembeni. Macho hujilazimisha bila wewe kujua. Kwenye programu iitwayo GNOME Tweaks, sehemu ya Fonts, chagua Standard badala ya Subpixel. Na kama bado unakodoa, kuza herufi. Si lazima uone kurasa mbili kwa wakati mmoja.

Wazee wetu wanaovaa miwani ya sehemu mbili wawe waangalifu kuliko wote. Sehemu ya kusomea iko chini ya miwani, kwa hiyo ili wasome mstari wa juu wa kioo cha wima hulazimika kurudisha kichwa nyuma kabisa. Kwao ni heri kioo kilale na kishushwe, au wapimiwe miwani ya kutazamia kompyuta tu.

Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde 20, na upepese kope. Kila saa simama utembee kidogo. Maumivu ya shingo yanayotokana na mkao mbaya kwa kawaida hupungua siku chache baada ya kurekebisha kiti na kioo. Lakini yakishuka mpaka mkononi, vidole vikifa ganzi au mkono ukikosa nguvu ya kushika kikombe, acha habari ya kioo na uende hospitali ukapimwe.