Mhitimu Anapogeuka Mteja wa Mchapishaji

Biashara ya vitabu katika Afrika Mashariki hutofautisha, au angalau ilizoea kutofautisha, watu wawili ambao mazungumzo ya kila siku huwachanganya: mpigachapa, anayelipwa ili aweke wino kwenye karatasi, na mchapishaji, anayeupokea mswada, akawapa wasomaji wake wauchambue, akagharimia uhariri, usanifu na upigaji chapa, kisha akasubiri soko limrudishie fedha zake. Kitabu kisiponunuliwa, mpigachapa hapotezi kitu kwa kuwa amekwisha kulipwa. Hasara humwangukia mchapishaji. Ongezeko la wanafunzi wa vyuo vikuu na wahitimu wanaotoa vitabu, ambalo linaonekana wazi Dar es Salaam na Nairobi, limeambatana na kuhamishwa kwa hasara hiyo kutoka kwa mchapishaji hadi kwa mwandishi mwenyewe, na kwa sababu hiyo wingi wa majina mapya kwenye majalada si lazima uwe dalili kwamba wasomaji wanaonunua wameongezeka.

Kijana msomi kuwa mwandishi si jambo jipya. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya zake mbili za mwanzo akiwa mwanafunzi wa Makerere, na Heinemann ikazitoa mwaka 1964 na 1965. Euphrase Kezilahabi alikuwa ndiyo kwanza ametoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale East African Literature Bureau ilipotoa Rosa Mistika mwaka 1971. Kilichokuwa tofauti ni mfuko uliogharimia kazi hizo. Bureau ilikuwa chombo cha umma, kilichoanzishwa mwaka 1948 na kuvunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ilhali Tanzania Publishing House ya mwaka 1966 ilikuwa na mkono wa serikali. Kampuni za kigeni kwa upande wake zilitegemea mauzo ya shuleni kufidia riwaya ambayo huenda ingelala ghalani. Mwandishi chipukizi alibebwa na kitabu cha hesabu cha darasa la tano, ingawa aghalabu mwenyewe hakulijua hilo.

Mbeleko hiyo imelegea. Nchini Tanzania, soko la vitabu vya kiada, yaani vile ambavyo mwalimu hulazimika kuvitumia darasani, lilifunguliwa kwa kampuni binafsi mwaka 1991, lakini katika miaka ya 2010 kazi ya kuviandaa ilirudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Nchini Kenya, vitabu vilianza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 mwaka 2013. Mchapishaji aliyepoteza mauzo ya uhakika, au aliyeona bei ya kitabu chake ikipandishwa na kodi, hana sababu kubwa ya kibiashara ya kubahatisha na diwani ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu, isipokuwa mwanafunzi huyo awe tayari kulipa.

Na wengi huwa tayari. Hesabu yao inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndiyo inayofichwa na furaha ya kuona jina kwenye jalada. Kitabu cha kurasa 160 za ukubwa wa A5 hupangwa kwa mafungu ya kurasa 16, hivyo kinahitaji mafungu 10 kamili. Mwandishi anayeongeza shukrani za kurasa tatu baada ya mpango kukamilika hulipia fungu zima la ziada ambalo sehemu yake kubwa itabaki nyeupe. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kila nakala imegharimu shilingi 4,000 za Tanzania, nakala 500 zitameza shilingi milioni 2 kabla ya mhariri kulipwa chochote. Kitabu kikiuzwa kwa shilingi 10,000 na duka likabaki na asilimia 35, mwandishi hupokea shilingi 6,500 kwa nakala, na itambidi auze nakala 308 ndipo mtaji wake urudi. Mrabaha, yaani fungu la mauzo ambalo mchapishaji humlipa mwandishi na ambalo kwa kawaida huwa karibu na asilimia 10, ungempa shilingi 1,000 tu kwa nakala, lakini angezipata tangu nakala ya kwanza na bila kukopa kwa mtu.

Nakala 308 haziuziki dukani kwa urahisi, na ndiyo sababu uzinduzi umekuwa kiungo muhimu cha biashara hii. Ukumbi hukodiwa, ndugu wa mwandishi na wanachuo wenzake hualikwa, na mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa bei iliyo mara nyingi zaidi ya ile iliyoandikwa nyuma ya kitabu; kwa kweli, mgeni huyo huteuliwa kwa uangalifu ambao mhariri hakuupata. Mfumo huu unafanana zaidi na mchango wa harusi kuliko na mauzo, na udhaifu wake hujitokeza katika kitabu cha pili, kwa sababu watu wale wale hawawezi kuchangishwa kila mwaka. Vitabu vya hamasa na kujitambua, ambavyo vijana wengi huanza navyo, huvumilia hali hii kuliko riwaya, kwani mwandishi wake anaweza kuvibeba hadi kwenye semina na makanisani.

Kwa upande wa tasnifu, yaani utafiti unaoandikwa kwa ajili ya shahada, mteja hutafutwa kwa barua pepe. Ziko kampuni za ng'ambo zinazomwandikia mhitimu zikimsifu na kumwahidi kitabu bila malipo, kisha zinautoa utafiti jinsi ulivyo, pamoja na sura ya mbinu za utafiti na viambatisho vyake, kwa utaratibu wa kuchapa kwa oda, ambapo nakala hutengenezwa pale tu mnunuzi anapolipa. Kampuni haibebi ghala wala hasara. Bei huwekwa kwa yuro, na mnunuzi wa mwanzo mara nyingi ni mwandishi mwenyewe. Kwa kuwa mswada haukupitiwa na wanataaluma wenzake, kitabu hicho humsaidia kidogo sana anapoomba kupandishwa cheo chuoni, na mchapishaji makini aliyetaka kuutoa upya baada ya kuhaririwa hukuta haki zimekwisha kusainiwa.

Njia zinazompunguzia kijana mzigo zipo, ila ni nyembamba. Riwaya huuzwa kwa sura kupitia WhatsApp na kulipiwa kwa simu, mtaji wake ukiwa bando tu, ingawa faili likishatumwa kwa mnunuzi mmoja hakuna kinacholizuia kufika kwa mia. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilipokea miswada ambayo haijachapishwa na ikawatafutia washindi mchapishaji; Tuzo ya Mwalimu Nyerere, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, huku serikali ikiahidi kukichapa kitabu chake na kukisambaza shuleni. Kwa washindi wachache wa tuzo hii ya pili, mbebaji amekuwa tena mfuko wa umma, kama ilivyokuwa kwa Rosa Mistika, na masanduku ya nakala hayalali chini ya kitanda cha mwandishi.