Je, Wajua? Hofu ya homoni ina mwaka wake

Je, wajua kwamba hofu nyingi ya homoni za kukoma hedhi ilikolea Julai 2002? Mwezi huo watafiti wa Marekani walisimamisha kabla ya wakati sehemu ya utafiti mkubwa wa Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 walikuwa wamepewa ama vidonge vya estrojeni na projestini, ama vidonge visivyo na dawa. Kwa waliotumia homoni, saratani ya matiti iliongezeka. Habari zikaenea, na wanawake wengi wakaacha dawa.

Lililosikika kidogo, na ni haki ya kila mwanamke kulijua, ni ukubwa wa ongezeko lenyewe: wagonjwa 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Tena wastani wa umri wa wanawake wa utafiti huo ulikuwa miaka 63, ilhali wengi huanza homoni karibu na miaka 50, joto la ghafla na jasho la usiku vinapowanyima usingizi.

Vidonge vya homoni huongeza hatari ya damu kuganda. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, kwa kipimo cha kawaida, haijaonekana kuiongeza. Mwenye kizazi huongezewa projesteroni ili kuukinga ukuta wa kizazi na saratani. Matiti kuuma, kichefuchefu na matone ya damu hutokea mwanzoni, na mara nyingi hutulia ndani ya miezi 3. Damu ikiendelea baada ya hapo, mwone daktari bila kungoja. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti amweleze daktari kabla ya kuanza.